Kasongo na Kabambare: Kansa, moyo unaopiga ovyo, na kiharusi kinachoweza kuzuiwa

Kusini mwa Maniema, toka Kasongo mpaka Lusangi, Kabambare na Saramabila, neno kansa likiisha kutamkwa nyumbani, magonjwa mengine yote yanasahauliwa. Mgonjwa akisema moyo unamwenda mbio, anaambiwa ni kansa. Akichoka, ni kansa. Akisikia kizunguzungu, ni kansa pia. Tansio haipimwi tena, mapigo ya moyo hayahesabiwi. Na hapo ndipo kiharusi, ile watu wengi wanaita AVC ao paralizi, kinapata njia ya kuingia.

Wagonjwa wa kansa wanapatwa na ugonjwa wa moyo kupiga bila mpangilio kuliko watu wengine wa umri wao. Moyo wa namna hiyo unaweza kutuma bonge la damu kwenye ubongo. Dawa za kuzuia jambo hilo ziko, na moja kati yazo imetumika kwa watu tangu miaka ya 1950. Lakini kwa mgonjwa wa kansa dawa hizo zina hatari yake: zinaweza kumtoa damu. Kwa hiyo munganga, mgonjwa na jamaa wanapaswa kupima mambo mawili kwa mizani moja, na mara nyingi wanayapima mbali na mashine kubwa za mjini.

Namna moyo unavyofika kuharibu ubongo

Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu vinapokea damu, viwili vya chini vinaisukuma. Moyo mzima unapiga kwa mpango, kama ngoma yenye mpigaji mmoja. Katika ugonjwa huu, ambao wanganga wanauita mpapatiko wa moyo, vyumba vya juu havipigi tena sawasawa, vinatetemeka tu. Damu haisukumwi yote. Kiasi fulani kinabaki kimetulia, zaidi katika kifuko kidogo kilicho pembeni ya chumba cha juu cha kushoto. Damu iliyotulia inaganda. Bonge likikatika linafuata mshipa mkubwa, linapanda kichwani na kuziba mshipa wa ubongo. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu inaanza kufa ndani ya dakika chache.

Kwa jumla, mtu mwenye mpapatiko wa moyo ana hatari ya kiharusi karibu mara 5 kuliko yule asiye nao. Kibaya zaidi, wengi hawajui kama wanao. Wengine wanasikia moyo unarukaruka ama pumzi inakatika wakipanda mlima, wengine hawasikii kitu chochote mpaka siku mdomo unapopinda.

Sababu gani kansa inaongeza hatari

Kansa inaleta mambo matatu kwa mara moja. La kwanza, ugonjwa wenyewe unawasha mwili ndani, na hali hiyo inavuruga umeme wa moyo. La pili, matibabu yenyewe yanaweza kuugusa moyo. Doksorubisini, dawa inayotumika sana kwa kansa ya titi, inaweza kudhoofisha msuli wa moyo. Operesheni ya kifua inajulikana kuleta mpapatiko katika siku za kwanza. Ibrutinibi, dawa ya kansa fulani za damu, nayo inajulikana kwa jambo hilo. La tatu, kansa inaifanya damu igande upesi kuliko kawaida. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa kansa wanavimba mguu mmoja kwa sababu ya damu iliyoganda ndani ya mshipa.

Lakini kansa hiyo hiyo inatoa damu. Kansa ya shingo ya kizazi, ya titi, ya tezi dume na ya ini ndizo kati ya zile zinazoonekana zaidi Kongo. Mama mwenye kansa ya shingo ya kizazi mara nyingi anafika kituo cha afya kwa sababu ya kutokwa damu. Ikizidi, uvimbe unaweza kubana mirija ya mkojo na kuharibu figo, na figo zikiharibika dawa inabaki mwilini na kujaa. Mzee mwenye kansa ya tezi dume anaweza kukojoa damu. Ini lililoharibika halitengenezi tena vizuri vitu vya kugandisha damu, na mishipa ya koo la chakula inaweza kupasuka. Kemoterapia nayo inashusha plaketi, zile chembe zinazofunga kidonda kisitoe damu. Na hapa kwetu kuna mgeni asiyekosekana: malaria kali pia inashusha plaketi.

Kwa hiyo mtu mmoja anabeba hatari mbili zinazopingana. Ukimpa dawa, anaweza kutoka damu. Ukimnyima, bonge linaweza kumlaza.

Hesabu ya hatari isiyotaja kansa

Duniani kote, wanganga wanatumia hesabu ya pointi kujua nani apewe dawa ya kuzuia damu kuganda. Moyo uliochoka: pointi 1. Tansio: 1. Ugonjwa wa sukari: 1. Umri wa miaka 65 mpaka 74: 1. Miaka 75 na zaidi: 2. Kiharusi kilichokwisha kumpata: 2. Mishipa iliyoharibika: 1. Zamani mwanamke aliongezewa pointi moja, lakini mwongozo wa mwaka 2024 wa wataalamu wa moyo wa Ulaya uliiondoa.

Kansa haimo ndani ya hesabu hiyo. Mama wa miaka 58 mwenye kansa ya titi, asiye na tansio wala sukari, anapata sifuri, hata kama damu yake inaganda upesi kuliko ya jirani yake mwenye tansio. Ndiyo sababu mwaka 2022 wataalamu hao wa Ulaya walitoa mwongozo wa pekee kwa moyo wa wagonjwa wa kansa. Waliweka maswali manne. Hatari ya damu kuganda ni kiasi gani? Hatari ya kutoka damu ni kiasi gani? Dawa za kansa na dawa ya damu zinapatana ao zinagombana? Na mgonjwa mwenyewe anataka nini?

Maswali hayo manne hayahitaji mashine ya bei. Yanahitaji munganga mwenye kukaa chini, kuuliza, kusikiliza na kuandika. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya, ule wanaita IT, anaweza kuanza kuyajibu kabla mgonjwa hajatumwa hospitali kuu ya rufaa.

Majibu yanaweza kubadilika. Plaketi zikishuka chini ya 50,000 kwa kila mikrolita ya damu, wanganga wanapunguza dawa ao kuisimamisha kwa muda, na chini ya 25,000 kwa kawaida hawaitoi. Zikipanda tena, swali linarudi mezani. Mgonjwa aliyekatazwa dawa mwezi huu hajakatazwa kwa maisha.

Aspirini haiwezi kazi hii

Kuko kosa moja linalorudia katika farmasi ndogo na hata katika vituo: kumpa mgonjwa wa mpapatiko wa moyo aspirini kila siku, kwa sababu iko, ni ya bei ndogo, na watu wanasema inalegeza damu. Utafiti mwingi uliokusanywa pamoja ulionyesha kwamba warfarini inapunguza kiharusi cha namna hii kwa karibu theluthi mbili, lakini aspirini kwa karibu sehemu moja ya tano tu. Mwaka 2011, jaribio moja lililolinganisha apiksabani na aspirini lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu tofauti ilikuwa wazi: apiksabani ilipunguza kiharusi kwa zaidi ya nusu, na kutoka damu kubwa hakukutofautiana sana. Mwongozo wa 2022 unasema wazi kwamba aspirini isitumiwe kama kinga ya kiharusi kwa mgonjwa wa kansa mwenye mpapatiko.

Basi zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni warfarini na ndugu yake asenokumaroli, ile inayojulikana kwa jina la Sintrom. Ni dawa za zamani na bei yake si kubwa. Shida ni kwamba zinataka kipimo cha damu cha INR mara kwa mara, na matokeo yanapaswa kukaa kati ya 2 na 3. Chini ya 2, kinga ni ndogo. Juu ya 3, hatari ya kutoka damu inapanda. Kwa mtu wa Lusangi anayepaswa kupanda moto ao kutembea mguu mpaka kwenye maabara, kipimo kimoja kinaweza kula siku mbili na pesa ya chakula cha juma.

Na warfarini inagombana na vitu vingi. Flagyl na Bactrim, dawa ambazo watu wanajinunulia sokoni bila karatasi, zinaipandisha kwa nguvu. Tamoksifeni, kinini ya kansa ya titi, inaipandisha pia. Rifampisini ya kifua kikuu inaishusha. Ibuprofeni na diklofenaki, kinini za maumivu ya mgongo, zinaongeza kutoka damu tumboni. Mboga za majani, yaani sombe, lengalenga na matembele, zina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini. Hii haina maana mgonjwa aache sombe. Mtu wa Maniema akikatazwa sombe atakula nini na bukari? La maana ni kula kiasi kilekile juma kwa juma, asikae mwezi bila mboga kisha ale sahani tatu kwa siku, maana dozi inapimwa kulingana na chakula chake cha kawaida.

Njia ya pili ni dawa mpya: dabigatrani, rivaroksabani, apiksabani na edoksabani. Hizi hazihitaji INR. Jaribio la mwaka 2011 lililohusisha watu 18,201 lilionyesha kwamba apiksabani ilipunguza kiharusi kwa asilimia 21 na kutoka damu kubwa kwa asilimia 31 kuliko warfarini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (OMS) liliziweka dawa hizi kwenye orodha yake ya dawa za lazima. Majaribio hayo makubwa yalihusisha wagonjwa wachache wa kansa, lakini pale matokeo yao yalipochunguzwa kando, faida haikupotea. Ndiyo maana mwongozo wa 2022 unazipendelea kwa wagonjwa wengi wa kansa, isipokuwa wale wenye hatari kubwa ya kutoka damu, figo zilizoharibika sana, ao dawa zinazogombana nazo.

Pale ambapo dawa ya zamani inashinda

Lakini mwongozo wa Ulaya usichukuliwe wote kama ulivyo. Afrika, watu wengi wana mpapatiko kwa sababu ya ugonjwa wa moyo wa utotoni: mtoto anaumwa koo mara nyingi, hatibiwi vizuri, kisha valvu za moyo zinakakamaa. Valvu ya kushoto ikiwa nyembamba, damu inatulia zaidi na bonge linaundika kwa urahisi. Jaribio lililotangazwa mwaka 2022, lililofanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Latini na kuchunguza wagonjwa 4,531 wa namna hiyo, lilileta jibu ambalo wengi hawakulitegemea: waliotumia dawa za aina ya warfarini walipona zaidi kuliko waliotumia rivaroksabani, na vifo vilikuwa vichache.

Kwa hiyo mgonjwa wa kansa mwenye valvu iliyokakamaa anapaswa kubaki na warfarini, hata kama INR inachosha. Mtu hawezi kujua hali ya valvu bila kusikiliza moyo na, ikiwezekana, kuutazama kwa ekografia. Kumwandikia kinini mpya kwa sababu tu ni mpya ni kosa.

Kuko jambo lingine ambalo vijijini lina uzito kuliko mjini. Damu ikitoka kwa mtu wa warfarini, dawa ya kuipinga ni vitamini K, ambayo maternite zinaijua kwa sababu wanawachoma watoto wachanga. Inachukua saa kadhaa kufanya kazi, lakini inajulikana na bei yake si kubwa. Dawa za kupinga zile kinini mpya zipo katika nchi tajiri na bei yake ni kali. Huku, munganga atategemea muda upite, damu ya kuongezewa, na kukandamiza kidonda. Kwa upande mwingine, nguvu ya kinini mpya inaisha ndani ya siku moja ao mbili. Hiyo ni faida damu ikitoka, lakini ni hasara kinini zikiisha nyumbani: mgonjwa akikosa siku mbili, kinga imekwisha.

Njia zilizofungwa na begi la dawa

Hapa ndipo habari ya dawa inakutana na habari ya nchi. Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari mwaka ule ule. Miji hiyo miwili ilikuwa kwa miaka mingi mahali pa biashara, dawa na hospitali kwa watu wa mashariki. Kufungwa kwa viwanja vyake vya ndege kumefanya safari ya mgonjwa na safari ya dawa kuwa ndefu na ya bei zaidi. Wenye uwezo wanatazama Kindu, Kinshasa ao nje ya nchi. Wasio nao wanabaki.

Anayerudi kutoka mbali anarudi na begi la kinini za miezi miwili ao mitatu, na karatasi ambayo pengine imeandikwa kwa lugha na namna ambayo kituo chake hakijaizoea. Kinini zikiisha, farmasi ya karibu inampa kilichopo. Mara nyingi kilichopo ni aspirini. Mtu aliyekuwa amekingwa anakuwa hana kinga, na hakuna aliyemwambia.

Pesa pia ni kizuizi. Mpango wa serikali wa afya kwa wote ulianza mwaka 2023 kwa uzazi wa bure, na kwa sababu nzuri, maana vifo vya akina mama ni vingi. Lakini magonjwa ya kudumu kama kansa na moyo yanabaki juu ya mgongo wa jamaa. Jamaa iliyouza mbuzi na shamba kwa kulipia operesheni haina kitu cha kununulia kinini ya kila siku kwa ugonjwa ambao mgonjwa mwenyewe hausikii.

Kasongo ilikwisha kuonyesha njia

Kusema kwamba mambo haya ni ya Kinshasa ao Ulaya tu ni kusahau historia ya hapa. Katika miaka ya 1970 na 1980, Kasongo ilijulikana kati ya wataalamu wa afya wa dunia nzima. Timu ya Projet Kasongo, ikishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ilipanga vituo vya afya kuzunguka hospitali moja, kila kituo na watu wake wanaojulikana. Utafiti wao juu ya surua ulitangazwa mwaka 1981 katika jarida la The Lancet. Uzoefu wa namna hiyo ulisaidia kujenga mfumo wa zone za afya ambao nchi nzima ilifuata: zone 306 katika miaka ya 1980, na leo 519.

Fundisho la Kasongo halikuwa mashine. Lilikuwa kumfuata mgonjwa: kujua jina lake, kijiji chake, na siku anayopaswa kurudi. Asiporudi, mtu anamfuata. Mgonjwa wa kansa mwenye mpapatiko anahitaji jambo lilelile.

Kituo cha afya kinaweza kuanza na vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, dakika nzima, kwa kila mgonjwa wa kansa anayefika. Mapigo yakiwa hayafuatani, moja refu, moja fupi, bila mpango wowote, mgonjwa atumwe kwa elektrokardiogramu. Tansio ipimwe siku hiyo hiyo, kwa sababu tansio isiyotibiwa inaongeza kiharusi na inaongeza pia kutoka damu kwa mtu anayetumia dawa. Pombe kali kama lotoko ipunguzwe ao iachwe: inaamsha mpapatiko, inaharibu ini, na inavuruga warfarini.

Kila mgonjwa apewe karatasi moja yenye mistari michache: jina la dawa, dozi, sababu, INR ya mwisho, hesabu ya plaketi, na dawa asizopaswa kuchanganya. Karatasi hiyo ionyeshwe kwa kila muuguzi, kwa mng'oa meno, hata kwa mwenye farmasi na kwa mganga wa mizizi. Mareko wa vijiji, wale wanaopita kwa chanjo na vyandarua, wanaweza kuuliza swali moja tu: kinini zimebaki ngapi?

Kwa upande wa zone, hesabu inaweza kufanywa. Mashine ndogo ya mkononi ya kupima INR kwa tone la damu ipo duniani. Inahitaji vijiti vya kupimia, na vijiti ndivyo vinavyoisha. Wakuu wa zone za Kasongo, Lusangi, Kabambare, Kunda na Saramabila wakihesabu pamoja wagonjwa wote wa warfarini, wa kansa na wa valvu, watajua kama ombi la pamoja lina maana. Kila zone ikiomba peke yake kwa wagonjwa wawili watatu, itabaki kujibiwa kwamba ni wachache.

Dalili na uamuzi

Jamaa nayo ina kazi yake. Mdomo ukipinda, mkono ao mguu mmoja ukilegea ghafula, maneno yakivurugika, hiyo si uchawi wala si kansa imepanda kichwani. Mgonjwa apelekwe hospitali palepale, na asipewe aspirini wala chakula njiani, kwa sababu bila skana hakuna anayejua kama mshipa umeziba ao umepasuka, na koo linaweza kuwa limelegea. Choo cheusi kama lami, mkojo wenye damu, damu ya pua isiyokoma, ao kichwa kinachouma ghafula kwa nguvu: hizo ni dalili za kutoka damu, na nazo hazingoji asubuhi.

Linabaki swali la nne la mwongozo, ambalo huku linasahauliwa zaidi: mgonjwa anataka nini? Kwa mama ambaye kansa ya titi imeondolewa na anategemea miaka mbele yake, kumlinda asipooze ni sehemu ya kumponya, na kusema "ana kansa, moyo uacheni" ni kumnyang'anya miaka hiyo. Kwa mzee ambaye ini limekwisha na siku zimebaki chache, kinini ya kuzuia kiharusi inaweza kuongeza damu na mateso bila faida, na kuiacha si kumtupa. Kati ya hao wawili kuko watu wengi, na kila mmoja anastahili aulizwe kwa lugha yake, jamaa ikiwapo, kabla karatasi haijaandikwa.